Salamu ya Kifundo cha Mkono

Watu wa Makere hawakuacha kumsalimu Hatungimana. Kumnyima mtu salamu ni jambo la wazi, na aliyenyimwa anaweza kulipeleka kwa wazee akalilalamikia. Wao walibadili namna tu.

Kule, mtu aliyetoka kulima au kufyatua tofali hakupi kiganja. Anakunja vidole na kukunyooshea kifundo cha mkono, nawe unakishika hicho, mnaendelea kuulizana habari za nyumbani. Ni adabu, anakukinga na tope lake. Lakini tangu mwezi wa sita watu walimpa Hatungimana kifundo hata Jumapili mlangoni pa kanisa, wamenawa na kuvaa mashati meupe. "Uniwie radhi, mikono michafu," walisema, na mikono yao ilikuwa safi. Kila mtu alijua ni mikono ya nani iliyoogopwa. Aliyejua zaidi ni Hatungimana mwenyewe, ambaye alishika kila kifundo alichopewa na kuuliza habari za watoto.

Japhet aliliona jambo hilo gulioni, alipokuwa akichagua nyanya. Aliona mtu wa kwanza, akadhani ni tope kweli. Akaja wa pili, halafu mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka kupima kitambaa cha kitenge. Japhet alizirudisha nyanya kwenye fungu lake akaondoka, maana alijua salamu hiyo ilianzia wapi. Ilianzia mdomoni mwake.

Alikuwa mtu wa Singida, zamani mwalimu wa baiolojia, na sasa alifanya kazi katika mradi mdogo wa utafiti uliopanga vyumba viwili Kasulu mjini. Kazi yake ilikuwa kuingia mapangoni, kunasa popo kwa wavu, kumkagua kila mmoja, kukata kipande cha ngozi ya bawa kisichozidi punje ya mtama, kukitia kwenye kichupa chenye spiriti, na kumwachia popo aende zake. Bawa hupona. Vichupa vilipelekwa maabara Morogoro, kusomwa vinasaba. Watu wa Makere walimwita Bwana Popo, naye alilipenda jina hilo.

Mwezi wa sita alikuta ukungu mweupe kwenye pua na mabawa ya popo wa pango la Makere. Ulikuwa fangasi yuleyule aliyekuwa ameonekana kwanza katika pango la Kitahana, upande wa Kibondo. Popo kadhaa walilala sakafuni wamekauka kama majani ya tumbaku. Mwenyekiti wa kijiji, Felician, aliitisha mkutano, na watu walikuja wengi kwa sababu popo wale wadogo walikuwa na faida: walikula nondo wa mahindi, na samadi yao ilikuwa mbolea ya maharage.

Japhet alieleza vizuri. Alionyesha picha. Kisha mtu mmoja akauliza, "Sasa nani ameuleta?"

Hakujua. Lakini alikuwa amesimama mbele ya watu na picha mkononi, kalamu mbili mfukoni, na neno "sijui" lilimkwama. Akasema, "Ukungu kama huu husafiri na vitu vinavyotoka pango moja kwenda jingine. Kwa mfano, magunia ya mbolea."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Vichwa viligeuka vyote upande mmoja, kama mtama unapopigwa na upepo.

Hatungimana alizaliwa Mishamo, kwa wazazi waliokimbia kutoka Burundi, na alipata uraia pamoja na ndugu zake. Alikuja Makere kwa ajili ya mke wake, Esteri, ambaye ni wa hapo kwa kuzaliwa, akajenga kwenye kipande alichopewa na baba mkwe. Dada yake, Niyubahwe, aliolewa Kitahana. Kila alipokwenda kumtembelea alirudi na kiroba cha mbolea ya popo wa kule, kwa kuwa mtu hatoki kwa nduguye mikono mitupu. Nyumbani aliigawa. Nusu ya kijiji ilikuwa imeonja maharage yaliyokuzwa na viroba hivyo.

Vichwa vilipogeuka, Japhet alikuwa bado na neno la kuongeza. Neno lenyewe lilikuwa viatu. Safari zake za mwanzo, kabla mtu yeyote hajajua habari za fangasi, alikuwa ameingia pango la Kitahana na pango la Makere kwa gambuti zilezile na wavu uleule, bila kuosha kitu. Baadaye mradi ulinunua dawa ya klorini na kila kitu kikaoshwa. Lakini mwanzoni hapana. Neno lilifika kwenye meno, akalimeza. Felician akafunga pango, akampiga marufuku Hatungimana kuleta mbolea, mkutano ukaisha.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa Winifrida alikuja kutoka Morogoro. Yeye ndiye aliyesoma vinasaba. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza na tabia ya kuvua viatu kila alipokaa kufanya kazi. Alifungua kompyuta mezani kwa Japhet.

"Popo wako wamenishangaza," alisema.

"Wamefanya nini?"

"Wanaoana." Aligeuza kompyuta ili Japhet aone. "Tulidhani Kitahana na Makere ni kama vijiji viwili visivyooleana. Ukisoma vile vinasaba vinavyopita kwa mama peke yake, ni kweli, kila pango lina ukoo wake. Majike hawahami, wanazaa walipozaliwa. Lakini vingine vyote vimechanganyika kama maharage ya gulioni. Madume ndio wanaotembea. Msimu wa kupandana wanavuka huku na huku."

"Na wa pango la Nyabibuye?"

"Nyabibuye ni wageni kabisa. Hakuna anayetoka kule wala anayekwenda, na fangasi hajafika. Huko ndiko tuweke nguvu. Viatu, nyavu, magunia, kila kitu kioshwe, au kisiingie kabisa. Kufunga pango la Makere ili kulikinga na Kitahana ni kukomea mlango wa nyumba isiyo na paa."

Japhet alitazama rangi kwenye kioo cha kompyuta. Kwa muda mfupi akafurahi. "Kwa hiyo fangasi aliletwa na popo wenyewe. Si magunia."

"Sikusema hivyo. Nimesema popo walikuwa na njia. Gunia nalo lilikuwa na njia. Kiatu kilikuwa na njia. Aliyepita ni nani, vinasaba vya popo havinionyeshi." Akamtazama. "Mbona unauliza magunia tu?"

Japhet aligeukia mlango. Gambuti zake zilikuwa nje ya mlango, zimeoshwa, zimepinduliwa juu ya vijiti viwili zikauke. Kutoka pale alipokaa aliziona vizuri.

Angeweza kuiandika habari hiyo kwenye taarifa ya mradi, mstari mmoja, na taarifa ingekwenda Morogoro na Dar es Salaam, mahali ambapo hakuna mtu aliyempa Hatungimana kifundo. Alilifikiria hilo kwa siku nzima. Kesho yake akapanda pikipiki.

Alimkuta Hatungimana shambani, kwenye mteremko, peke yake. Hilo peke yake lilieleza mambo. Mashamba ya jirani yalikuwa yamekwisha kutifuliwa, udongo mwekundu umegeuzwa, unasubiri mvua. Makere watu hulima kwa zamu; leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba hupika. Hatungimana aliita ikibiri, kama walivyoita wazazi wake. Yeye alikuwa amelima kwa kila mtu. Zamu yake ilipofika hakuna aliyekataa. Mmoja alikuwa na msiba Kasulu, mwingine jembe lake lilikuwa kwa mhunzi, mwingine mtoto ana homa. Wiki iliyofuata zamu ikarukia kwa mtu mwingine. Shamba lake lilisimama na mabua ya mwaka jana, na yeye pembeni akilichokonoa kama kuku.

"Mwakeye, mwalimu," alisalimu Hatungimana, akaegemeza jembe. Japhet alinyoosha mkono. Hatungimana alitazama viganja vyake vilivyojaa udongo, akakunja vidole, akampa kifundo.

Ilikuwa adabu halali kabisa. Hata hivyo Japhet alihisi uso unamchoma.

"Nimeleta habari za popo," alisema, na akaeleza yote, madume na majike na Nyabibuye. Hatungimana alisikiliza kichwa kimeinama. Esteri alikuwa amepanda mteremko na dumu la maji. Akaliweka chini, akasimama akisikiliza vilevile.

"Yale magunia niliyachoma," Hatungimana alisema mwishoni. "Nilinawa kwa majivu. Nikajiuliza, popo hawa nimewakosea nini, maana mimi ndiye niliyewapenda kuliko wote hapa. Niliona kweli nimewaua." Akainua uso. "Kwa hiyo si mimi?"

Japhet alikuwa amekuja kwa ajili ya swali hilo. Njia nzima alikuwa akijiona anajibu "si wewe," na mwenzake anacheka, na mambo yanakwisha.

"Sijui," alisema. "Yaweza kuwa magunia. Yaweza kuwa popo wenyewe. Yaweza kuwa viatu vyangu. Niliingia kule na huku bila kuviosha, kabla yako au baada yako."

Hatungimana alifuta udongo viganjani. "Hiyo 'yaweza,'" alisema polepole, "ungeisema siku ile."

"Ndiyo."

"Siku ile ulisema magunia."

"Ndiyo."

Esteri alifungua dumu, akammiminia mumewe maji kwenye kikombe. Kwa Japhet hakumimina. "Bwana Popo," alisema, "yale ya kwanza uliyasemea wapi?"

"Mkutanoni, mama."

"Na haya unatuletea shambani, yasikike na nani? Na mabua?"

"Mama Ininahazwe," mumewe alisema kwa upole.

"Oya, hapana, niache. Kaka yako ametupigia simu, anasema rudini Mishamo, shamba lipo. Huyu amekubali," alimwambia Japhet, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Anasema mvua ikianza kabla hatujalima tunafungasha. Mimi kaburi la mama yangu liko pale, chini ya ile migomba. Nifungashe kaburi?"

Hatungimana hakubisha. Alichukua jembe akaendelea palepale alipoachia, na Japhet akaelewa kuwa mazungumzo yamekwisha. Upande wa Burundi mawingu yalikuwa yameanza kurundikana.

Felician alimkaribisha Japhet nyumbani kwake na kumpa kiti kizuri. Alisikiliza akikuna goti. Alikuwa mwenyekiti mpole, aliyependa mambo yaliyokwisha yabaki yamekwisha.

"Mimi nasema tulifungue pango kimyakimya," alishauri. "Hatungimana aone, watu waone, wataelewa wenyewe."

"Wataelewa nini?"

"Kwamba limekwisha."

"Halijaisha, mwenyekiti. Watu wanampa kifundo."

Felician aliacha kukuna goti. "Na mimi nampa," alisema, akitazama mlango. "Siku ya kwanza nilikuwa na tope kweli. Ya pili sikujua nirudije." Akavuta pumzi. "Unataka mkutano. Haya. Lakini ujue hautakuwa wa kwako peke yako. Ukijivua nguo pale, na sisi unatuvua."

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji, watu wamekaa kwenye nyasi na kwenye tofali za darasa lisilokwisha. Hatungimana alikaa nyuma. Esteri alisimama, akakataa kigoda.

Japhet alianza na popo, na hapo mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotegemea.

"Yaani madume wa Kitahana wanakuja kuoa hapa?" Felician aliuliza.

"Ndiyo. Na wa hapa wanakwenda kule."

"Na mahari wanatoa?"

Watu walicheka. Mama Josepha, kiongozi wa kwaya, alisema kwa sauti, "Afadhali hao wanarudi! Wa kwetu wakifika Kibondo wanasahau hadi jina la kijiji." Kicheko kikazidi.

Japhet alisimama katikati ya kicheko kile, akahisi jinsi ingekuwa rahisi. Watu walikuwa wamechangamka. Angesema, "Vinasaba vimethibitisha kwamba ndugu yetu Hatungimana hana kosa," wangepiga makofi, na yeye angeondoka akiwa mwema. Ingekuwa kama mara ile ya kwanza: kusema asichokijua, kwa sauti ya mtu anayejua.

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekaa juu ya pikipiki yake na miwani ya jua kichwani, alimtolea uvivu. "Mwalimu, tuelewane. Ule ukungu nani kauleta? Maana we si ndo ulisema magunia?"

"Nilisema magunia," Japhet alijibu. "Niliulizwa nani, nikaona haya kusema sijui. Kwa hiyo nikasema magunia."

"Kwa hiyo ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

"Na leo?"

"Leo pia sijui."

"Bwana Popo hajui!" kijana alitangaza, akageukia wenzake. "Mwezi wa sita magunia, leo popo, kesho utatuambia mbuzi wa Felician!"

Safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine. Japhet alisubiri kitulie. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akafungua mfuko uliofungwa nyuma, akatoa gambuti zake, akazisimamisha kwenye nyasi mbele ya watu.

"Hizi ziliingia pango la Kitahana," alisema. "Zikaingia pango la hapa. Mwanzoni sikuziosha, kwa sababu hatukujua. Siku ile mliponiuliza, nilikuwa nimezivaa miguuni. Nikataja gunia la mtu mwingine."

Safu ya mbele walikaa akina mama. Walivuta miguu. Hawakukusudia, ilitokea tu: miguu ikarudi nyuma ya nguo zao, mmoja akamvuta mtoto wake kwa mkono. Gambuti zilikuwa zimeoshwa kwa klorini mara nyingi kiasi kwamba rangi ilikuwa imepauka. Japhet aliitazama miguu ile ikirudi nyuma. Alikuwa anapewa kwa muda mfupi tu kile ambacho Hatungimana alikuwa akipewa tangu mwezi wa sita.

"Zimeoshwa," alisema, na akasikia sauti yake inaomba.

Kijana wa bodaboda alikuwa ameshusha miwani machoni.

Akawaeleza yaliyobaki: kwamba pango lao litafunguliwa miezi ambayo popo hawana watoto, kwamba mbolea ya Makere itumike Makere, kwamba asiwepo mtu, hata yeye, wa kwenda na kiatu au kiroba chenye vumbi la pangoni hadi Nyabibuye, kwa sababu popo wa kule wako peke yao na wakipatwa hawana jirani wa kuja kujaza nafasi. Waliitikia kwa vichwa. Felician akasema, "Limesikika," kama anavyofunga kila mkutano.

Hakuna aliyesimama kuomba radhi. Watu waliondoka, na wengi walizunguka nyuma ya darasa lisilokwisha, ingawa njia ya karibu ilipita pale alipokaa Hatungimana. Mama Josepha peke yake alipita hapo. Alisimama mbele ya Esteri, akafungua mdomo, akaufunga, akarekebisha khanga, akaenda zake. Neno la kwanza lilikuwa limesafiri kwa pikipiki. La pili lilikwenda kwa miguu, tena likichechemea.

"Umeona?" Felician alisema, wakiwa wamebaki wawili. "Sasa wanaona haya. Mtu mwenye haya haendi karibu na aliyemkosea. Ndivyo tulivyo."

"Ikibiri yake itakuwa lini?"

"Nitatangaza Jumamosi. Kutangaza naweza. Miguu yao siwezi kuibeba."

"Niazime jembe," Japhet alisema.

Jumamosi, jua lilipochomoza, Japhet alishuka kwenye pikipiki nyumbani kwa Hatungimana. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo Alhamisi, ya kuonjesha tu. Chini ya kibanda cha jiko alimkuta Esteri na sufuria kubwa, ile ya misibani na harusini, imejaa maharage na ndizi mpaka shingoni. Alikuwa amepika kwa ajili ya kijiji kizima. Uwanja ulikuwa mtupu.

Japhet aliitazama sufuria ile. Aliona jinsi itakavyokuwa jioni ikiwa hakuna aliyekuja: chakula chote kile, na majirani wakisikia harufu yake, na Esteri akikimwaga. Esteri alimwona anavyotazama.

"Nimepika," alisema. "Wasipokuja, iwe aibu yao, isiwe yangu."

Lakini akakoroga tena maharage yaliyokuwa yamekwisha kuiva.

Hatungimana alitoka ndani. Alikuwa amenawa, shati limepigwa pasi ya mkaa, kama mtu anayepokea wageni. Jembe lake lilikuwa bado ukutani. Walisimama watatu wakitazama njia. Jogoo aliwika, akanyamaza. Kwenye njia alipita mtu na baiskeli, akapiga kengele, akaenda zake.

Halafu akaja Mama Josepha. Alikuwa na jembe begani na wifi yake nyuma. Alimkaribia Hatungimana moja kwa moja, akamnyooshea kiganja kilichofunguka, vidole vyote vitano.

"Mwakeye, Baba Ininahazwe. Habari za nyumbani?"

"Ni njema," Hatungimana alisema, akakishika.

"Na watoto?"

"Wapo."

"Na maharage?"

"Maharage bado yako kwenye debe, mama. Yanawasubiri ninyi."

Mama Josepha alicheka, lakini macho yalikuwa yamejaa maji, akageukia jiko haraka kuuliza kama kuni zinatosha. Felician alifuata, na wanawe. Kisha wakaja wengine wawili, kisha mmoja, kila mmoja akitazama chini mpaka alipofika, kila mmoja akitoa kiganja kama mtu anayerudisha kitu alichoazima akakaa nacho mno. Kijana wa bodaboda alikuja bila jembe. Alisema atabeba maji. Hawakuwa wote. Hawakufikia hata nusu ya waliolimiwa na Hatungimana. Lakini walitosha kujipanga mstari chini ya mteremko.

Hatungimana alimpokea kila mtu. Mwisho akamfikia Japhet, aliyekuwa amesimama pembeni karibu na migomba. Japhet alitoa mkono.

Hatungimana hakuwa ameshika udongo bado. Mikono yake ilikuwa safi, na kucha zimekatwa. Alikunja vidole taratibu, akampa kifundo.

Alifanya hivyo bila hasira. Alimtazama machoni, akaulizia safari, akaulizia hali ya Kasulu. Japhet alikishika kifundo kile, chembamba, chenye joto, mshipa ukipiga chini ya ngozi. Alijibu kwamba safari ilikuwa njema. Hakukiachia mapema. Aliona kwamba watu kadhaa wameona na kugeuza nyuso, na akaona ni haki yao kuona.

Walilima. Mteremko ulikuwa mkali na Japhet alibaki nyuma ya mstari. Akina mama walimtania kwamba ardhi ya Singida lazima iwe tambarare kama chapati. Mpini wa jembe alilopewa ulikuwa umelegea, kichwa kikizunguka kila alipopiga, akawa anasimama kukipigilia kwa jiwe. Kufikia saa ya kula, mabua ya mwaka jana yalikuwa yamefunikwa yote isipokuwa kona ya juu. Esteri aligawa chakula. Kilibaki kingi, akakifunga kwenye majani ya migomba, akawapa watu wapeleke kwa wale ambao hawakuja, akitaja kila mmoja kwa jina. Walipokea mizigo hiyo kwa mikono miwili. Ilikuwa mizito kuliko ilivyoonekana.

Japhet alipokwenda kuaga, Hatungimana alikuwa akikusanya majembe ukutani. Japhet hakutoa mkono. Alisimama tu.

"Palizi itakuwa mwezi wa kumi na mbili," Hatungimana alisema, bila kugeuka.

Karibu na jiko, Esteri aliacha kusugua sufuria.

"Mwezi wa kumi na mbili," Japhet alirudia.

"Utakuja?"

"Nitakuja."

Hatungimana alilichukua jembe la Felician mkononi mwa Japhet, akalitikisa, akasikiliza kichwa kinavyogonga. "Njoo na la kwako," alisema. "Hili limelegea."